Gari Lisilopumua: Kutambua Kwa Nini Hewa Haitoki Kwenye Matundu ya Dashibodi

Maelezo yaliyotolewa kwa madereva, mafundi na wasimamizi wa magari ya kaunti



Dereva anayeshuka kutoka Kinangop alfajiri ya mwezi wa Julai anaujua ukungu wa barabarani. Lakini uko ukungu mwingine ulio hatari zaidi, nao ni ule wa ndani ya gari. Pumzi za abiria hugonga kioo baridi na kugeuka matone, na matundu ya hewa yakiwa hayatoi kitu, dereva hubaki akifuta kioo kwa kiganja huku mkono mmoja tu ukishika usukani. Wakati huo hita na kiyoyozi si anasa. Ni vifaa vya usalama, sawa na breki na waipa.

Kwa ambulensi jambo hili ni zito zaidi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka huduma za ambulensi mikononi mwa kaunti. Mgonjwa wa kifua kikuu anaposafirishwa, hewa safi kutoka nje ni sehemu ya kinga ya dereva na muuguzi. Feni isipofanya kazi, au swichi ikiachwa kwenye alama ya kuzungusha hewa ya ndani, wote waliomo huvuta hewa ile ile.

Pamoja na hayo, gari likipungukiwa na hewa, mara nyingi hupelekwa kuongezwa gesi. Hapo ndipo fedha hupotea. Gesi ya kiyoyozi haisukumi hewa; kazi yake ni kuondoa joto. Anayesukuma hewa ni feni. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kufungua mfuko ni hili: je, hewa inayotoka ni haba, au ni nyingi lakini haina ubaridi au joto? Hizo ni kasoro mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake.

Njia ya hewa ni fupi na inafaa kila dereva aielewe. Hewa ya nje huingia kupitia wavu ulio chini ya kioo cha mbele. Katika magari mengi kuna filta nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Feni huivuta hewa na kuisukuma ipite kwenye evaporeta, yaani sega la ubaridi, kisha kwenye rejeta ndogo ya hita kama joto linahitajika. Mwisho, vilango vidogo huigawa: kioo cha mbele, usoni au miguuni. Tatizo la hewa haba liko mahali fulani katika njia hiyo.

Kifaa cha kwanza cha uchunguzi ni sikio. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa umewashwa, dereva aipandishe feni hatua kwa hatua.

Feni isiposikika kabisa katika hatua zote, uchunguzi uanze kwenye fyuzi, kisha rilei, waya na mota yenyewe. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zile zile. Kuweka kubwa zaidi, au kipande cha waya, ni kualika moto nyuma ya dashibodi.

Feni ikifanya kazi katika kasi ya juu tu, na hatua za chini zikiwa zimekufa, mshukiwa mkuu katika magari yenye swichi ya kuzungusha kwa mkono ni rizista. Hatua za chini hupitia kwenye rizista, ile ya juu kabisa huikwepa. Rizista mpya ikiungua tena upesi, fundi asiendelee kuibadilisha tu. Apime mota: pengine imekaza na inavuta umeme mwingi kupita kiasi. Aangalie pia kama plagi ya waya imeyeyuka.

Feni ikivuma kwa nguvu lakini hewa ikatoka kidogo, njia imeziba. Hapa jaribio ni rahisi. Filta itolewe, kisha feni iwashwe kwa muda mfupi. Hewa ikiongezeka mara moja, filta ndiyo yenye kosa. Kwenye barabara za murram, filta hujaa vumbi mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema, kwa hiyo ikaguliwe kila gari linapofanyiwa huduma. Yako pia magari yaliyoagizwa kutoka Japani ambayo yana nafasi ya filta lakini filta yenyewe haimo. Vumbi na majani huenda moja kwa moja hadi kwenye evaporeta. Wavu wa nje nao ukaguliwe, hasa kwa gari linaloegeshwa chini ya miti. Likionekana kiota cha panya, anayesafisha avae glavu na barakoa, kwa maana uchafu wa panya hueneza magonjwa.

Ipo dalili nyingine inayowachanganya wengi. Safari inaanza hewa ikiwa nzuri na baridi, kisha baada ya muda hewa inapungua polepole hadi kukaribia kwisha, ingawa feni bado inavuma. Gari likipumzika, hali inarudi kuwa njema. Hiyo ni barafu inayoganda kwenye evaporeta. Dereva azime kiyoyozi na kuiacha feni ikiendelea. Hewa ikirudi baada ya dakika kadhaa, jibu limepatikana. Chanzo huwa filta chafu, kihisi cha joto kilichoharibika, au gesi iliyopungua. Gesi ikiwa imepungua, kuna mahali inavuja, na uvujaji utafutwe kwanza. Gesi ya zamani isiachiliwe hewani, kwa sababu huongeza joto la dunia. Itolewe kwa mashine na fundi aliyefunzwa.

Hewa ikitoka miguuni pekee, au ikikataa kwenda kwenye kioo hata swichi ikigeuzwa, kasoro iko kwenye vilango. Kebo inaweza kuwa imechomoka, au mota ndogo ya kilango imevunjika meno. Mlio wa tak-tak-tak nyuma ya dashibodi kila swichi inapogeuzwa ni ushahidi wa hilo. Asiyefunzwa asichokonoe waya za sehemu hiyo, kwani huenda zikawa za mfuko wa hewa wa kumkinga abiria.

Na hewa ikiwa nyingi lakini hita haitoi joto? Feni haina hatia. Ikaguliwe maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa moto. Thamostati iliyokwama wazi nayo huifanya hita iwe baridi. Kukiwa na harufu tamu na utando wa mafuta ndani ya kioo, rejeta ndogo ya hita huenda inavuja. Zulia la abiria likilowa maji matupu, mara nyingi ni mfereji wa kutolea maji ya kiyoyozi ulioziba.

Wakati wa ukungu, dereva aelekeze hewa kwenye kioo, aweke alama ya hewa ya nje, apandishe feni na joto, na awashe kiyoyozi pia. Wengi hushangaa kusikia kiyoyozi kikiwashwa wakati wa baridi, lakini kiyoyozi hukausha hewa. Mombasa mambo hugeuka: kioo kikipozwa sana, ukungu hutanda upande wa nje. Huko waipa itumike na ubaridi uondolewe kwenye kioo.

Jambo la mwisho ni maandishi. Dereva asiandike kwenye tiketi ya kazi kwamba "AC mbovu". Aandike alichokisikia na alichokiona: feni inavuma au haivumi, hatua ipi, tundu lipi, baada ya muda gani. Maneno hayo machache humpeleka fundi moja kwa moja kwenye kasoro, na gari linarudi barabarani mapema. Na gari ambalo haliwezi kusafisha kioo chake lisitumwe safari ya alfajiri hadi litengenezwe.