Wagombea wanahesabu madarasa. Nani anahesabu uwanja?

Uzi. Haya niliwaambia wazazi na vijana wenzangu hapa Dagoretti, nimeyapunguza kidogo. Kama kawaida yetu, hakuna kutaja chama wala mwanasiasa.

1/ Mimi nasomea sayansi ya siasa, kwa hivyo kwenye midahalo huwa naandika kile wagombea wanachohesabu. Ni madarasa tu. "Nilijenga sita." "Mimi nitajenga kumi." Uwanja hautajwi.

2/ Sababu ni rahisi. Darasa linazinduliwa, linapigwa picha, linaandikwa jina la mradi ukutani. Mti wa kivuli unachukua miaka, na uchaguzi ni kila miaka 5.

3/ Sisemi madarasa si kitu. Tarehe 23 Septemba 2019, darasa liliporomoka hapa Ng'ando na watoto wasiopungua 7 wakafa. Tunataka majengo imara. Lakini tangu 2023 sekondari msingi iko ndani ya shule za msingi, na kila darasa jipya likitafutiwa mahali, macho yanaenda uwanjani.

4/ Na mtaala wa umilisi, ulioanza nchi nzima 2019, unamtaka mtoto apime, apande, achunguze. Afanyie wapi? Si jambo geni. Vilabu vya 4K (Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya) vilianza 1962, na bustani ya shule ilikuwa kazi yao.

5/ Kwa hivyo uwanja ni darasa, na unapangwa kama darasa. Mpira uwe mbali na madirisha. Wadogo wa chekechea wapate kona yao, mwalimu awaone akiwa mlangoni. Bustani iwe karibu na mfereji, maji ya kunawa mikono yanyweshe sukuma. Magogo chini ya mti yanatosha kwa somo la kusoma. Tangi la maji lichorwe alama, watoto wajifunze lita. Na huu udongo wetu mwekundu, mnaujua mvua ikinyesha: mtaro kwanza, bembea baadaye.

6/ Halafu kuna shule za mtaani, kule Kawangware na Ng'ando, ambazo hazina hata pa kuruka kamba. Shule ya umma jirani inaweza kuwapangia saa zao uwanjani. Hilo halihitaji saruji, linahitaji makubaliano na mtu wa kusimamia.

7/ Sasa, nani aulizwe? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: shule za msingi ni za serikali ya kitaifa, chekechea na viwanja vya burudani ni vya kaunti. Mara nyingi chekechea na msingi wako ndani ya ua mmoja. Ndiyo maana kila mmoja anasema "hiyo si kazi yangu", na kila mmoja anasema nusu ya ukweli.

8/ Uwanja usio na mwenyewe hunyakuliwa. Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Langata Road waliandamana kwa sababu uwanja wao ulikuwa umezungushiwa ukuta. Wakarushiwa gesi ya machozi. Uwanja ulirudi, lakini hiyo haikuwa kazi ya mtoto wa darasa la tatu.

9/ Mgombea akisema "madarasa kumi", muulize:
– Yatajengwa wapi, juu au uwanjani?
– Shule ina hatimiliki? Ramani yake iko wapi?
– Nani atalipa mtaro na miti: kaunti au kitaifa?
– Watoto wasio na uwanja watacheza wapi?

10/ Na tusingoje kampeni. Wazazi wana wawakilishi 6 kwenye bodi ya shule, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Waambieni waitishe ramani na hatimiliki kwa barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Andikeni tarehe mliyopeleka barua, mbaki na nakala, mhesabu siku.