Meli Huanza Kuzama Ikiwa Bado Gatini

Ndugu msomaji, najua swali lako la kwanza. Sisi watu wa Waithaka tuna habari gani na meli? Bahari iko mbali, ziwa liko mbali, na maji makubwa tunayoyavuka ni yale ya barabarani mvua ya Aprili ikinyesha. Lakini hebu angalia safu uliyosimama msikitini jana usiku. Kuna wa Mombasa, wa Lamu, wa Homa Bay, na wengine wana jamaa Tanga na Unguja. Ramadhan ikiisha, nusu yetu tutafunga mizigo tukale Idi nyumbani, na wengine wetu tutavuka maji. Kwa hivyo nipe dakika chache, maana habari hii inakuhusu hata kama hujawahi kupanda mtumbwi.

AJALI ZENYEWE

Tuanze hapa kwetu Kenya. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa, mita chache tu kutoka nchi kavu. Ilikuwa ya kubeba watu 300, ikabeba kama 400. Watu 272 walikufa, wengi wao wakienda kazini.

Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ikapinduka katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Meli ya abiria 430. Daraja la kwanza na la pili peke yake waliandikwa watu 443. Wa daraja la tatu, kule chini, hawakuandikwa kabisa. Waliokufa ni zaidi ya 800, na hesabu kamili haikupatikana, kwa sababu huwezi kumtafuta mtu ambaye hakuandikwa.

Sasa njoo Zanzibar, na hapa nataka tukae kidogo. Usiku wa Ijumaa tarehe 9 Septemba 2011, MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba. Idi ilikuwa imepita siku chache tu. Watu walikuwa wanarudi makwao na watoto wao, na magunia na magodoro. Meli yenyewe iliundwa mwaka 1967, na kibali chake kilikuwa cha watu mia sita na ushei. Tume ya uchunguzi ilipokaa ikaona kwamba waliopanda walipita elfu mbili. Saa saba za usiku hivi, karibu na mkondo wa Nungwi, ikazama. Wako waliookoka kwa kushikilia magodoro hadi asubuhi. Walioopolewa wakiwa hai walikuwa mamia, maiti zilizopatikana ni 203, na wengine wote bahari haikuwarudisha. Wapiga mbizi walikuja mpaka kutoka Afrika Kusini, wakashindwa na nguvu ya mkondo na kina cha maji.

Haukupita mwaka. Tarehe 18 Julai 2012, siku mbili tatu kabla ya mwezi wa Ramadhan kuandama, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Boti hiyo iliundwa Marekani kwa ajili ya maji ya ndani yaliyotulia, si bahari ya wazi yenye upepo wa Julai. Na tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka hatua chache kabla ya kufika gati la Ukara, huko Ukerewe. Kibali chake watu 101. Waliokufa peke yao ni 228.

Usidhani ni kwetu tu. Vijana wengi wanaijua Titanic ya mwaka 1912, kwa sababu ya filamu. Titanic iliua watu kama 1,500. Le Joola ya Senegal, tarehe 26 Septemba 2002, iliua 1,863, na ni 64 tu waliookoka. Hiyo hatuisikii. Nayo ilikuwa ya kubeba watu 580 hivi.

MBONA ZINAPINDUKA?

Tunapenda kusema "bahari ilichafuka". Mara nyingine ni kweli. Lakini ukizitazama hizi ajali, nyingi zina kitu kimoja: hesabu iliharibika kabla kamba haijafunguliwa.

Chukua mfano wa nyumbani. Beba mtungi wa maji uliojaa na kufunikwa, utatembea sawasawa. Beba karai lililojaa nusu uone. Ukiinama kidogo maji yote yanakimbilia upande huo, na karai linakuvuta uende nalo. Meli ni hivyo hivyo. Watu wakijazana sitaha ya juu, uzito unapanda juu. Meli ikiinama kidogo, watu wanakimbilia upande mmoja, mizigo isiyofungwa inateleza, na maji yakishaingia yanafanya kazi ile ya karai. Hapo hata bahari tulivu inatosha.

Tarehe 3 Februari 2006, meli ya Misri Al-Salam Boccaccio 98 ilikuwa inatoka Saudi Arabia kwenda Safaga. Moto ukashika ndani. Wakauzima kwa maji, maji yakakosa pa kutokea, yakajaa ndani, na nahodha akazidi kwenda mbele badala ya kurudi. Watu kama 1,000 walikufa, wengi wao vibarua waliokuwa wanarudi kwa wake zao na watoto. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ilimhukumu mwenye meli kifungo cha miaka 7, na yeye alikuwa ameshatoka nchini.

LAKINI SI NI QADARI?

Hapa ndipo nataka tuelewane. Baada ya kila ajali utasikia mtu anasema, "Ni mapenzi ya Mungu, tusilaumiane." Ndugu yangu, kuamini qadari ni nguzo ya imani, na aliyekufa maji tunamtarajia daraja ya shahidi. Hilo ni liwazo la wafiwa. Lakini si stakabadhi ya kumpa aliyeuza tikiti elfu mbili kwa meli ya watu mia sita. Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Sasa sisi tunamwacha ngamia bila kamba, tena tunampakia mizigo ya ngamia wanne, halafu tunaita hiyo tawakkul!

Tena Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa jahazi lenyewe. Watu walipiga kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakihitaji maji lazima wapite juu. Wakaona wanawasumbua wenzao, afadhali watoboe tundu upande wao. Ona, nia yao haikuwa mbaya! Wakiachwa watoboe, wanaangamia wote. Wakishikwa mkono, wanaokoka wote.

Msomaji, unakumbuka MV Bukoba? Ilipopinduka haikuzama palepale. Ilielea ikiwa kifudifudi, na ndani kulikuwa na watu hai wakigonga chuma. Waliokuja kuokoa wakalitoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, nayo ikashuka chini. Nia ilikuwa njema kabisa. Elimu ndiyo iliyokosekana. Kwa hivyo kijana anayesomea uhandisi wa meli, au uzamiaji, au hata kuogelea tu, asidhani anasoma dunia tupu. Siku moja roho za watu zitasimama juu ya elimu hiyo.

WALIOKATAA KUPANDA

Katika habari za Spice Islander kuna jambo moja ambalo halitoki kichwani. Iliripotiwa kwamba kuna watu waliofika bandarini Dar es Salaam, wakaitazama ile meli ilivyojaa, wakakataa kupanda. Nauli pengine ilipotea. Pengine walichekwa kwamba ni waoga. Na watu waliokuwa wanawasubiri nyumbani bila shaka walikasirika. Lakini wale walifanya jambo ambalo kila mmoja wetu anaweza kulifanya, bila kuwa waziri wala nahodha.

Na sisi hatungoji bandari. Gati letu ni steji. Mwaka 2004 sheria za Michuki zilikuja, mikanda, vidhibiti mwendo, abiria 14 na si zaidi. Tukashangilia. Leo jioni, dakika ishirini kabla ya adhana ya Magharibi, makanga anaita, "Mmoja wa haraka, songeni hapo nyuma!" Nasi tunasonga, maana kila mtu anataka kufuturu kwake. Hakuna anayesema. Aliyeingia wa kumi na tano ni ndugu yetu tu, ana swaumu kama sisi, hana nia mbaya. Hata wale wa jahazini hawakuwa na nia mbaya.

Basi shika haya machache. Kwenye chombo cha majini, hakikisha jina lako limeandikwa, na la mtoto pia. Kabla hujapanda, tazama ubavuni mwa meli kuna duara na mistari iliyochorwa, alama iliyopiganiwa na Mwingereza Samuel Plimsoll mpaka ikawa sheria kwao mwaka 1876. Maji yakiifunika mistari hiyo, mzigo umezidi, usipande. Uliza jaketi za kuokolea ziko wapi, na ujue inavyovaliwa ukiwa bado una utulivu. Chombo kikiyumba, usikimbilie upande mmoja na wengine. Na ukiona kimejaa, sema. Sema kwa adabu, lakini sema kwa sauti. Mmoja akisema, wa pili hupata ujasiri.

Na wewe mwenye matatu, mwenye boti, kondakta, nahodha, kumbuka nauli ya yule aliyezidi ni ndogo sana, lakini roho yake ni amana, na za wale uliokwisha kuwakalisha pia.

Tunamuomba Allah awarehemu waliozama Mtongwe, Mwanza, Nungwi, Chumbe na Ukara, Waislamu wawatie katika daraja za mashahidi, na wafiwa wote awape subira. Atufikishe Idi salama, sisi na wanaotusubiri nyumbani. Tukichelewa basi tuchelewe, futari itapashwa moto.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.