Pesa ya Msimu, Chungu cha Kila Siku: Kubana Matumizi ya Nyumbani Karatu na Ngorongoro



1. Utangulizi

Kaya nyingi za Karatu hazina mshahara wa mwisho wa mwezi. Mkulima wa Mbulumbulu hushika pesa akishavuna, wa Mang'ola akishauza vitunguu. Dereva wa watalii na mpishi wa loji hupata pesa wageni wanapojaa, hasa Juni hadi Oktoba. Masika yakiingia wageni hupungua, na vibarua wa loji hurudi nyumbani. Lakini chungu hakingoji msimu.

Hoja yangu ni moja: kubana matumizi kuanze siku pesa inapoingia. Anayeanza kubana mwezi Aprili hana tena cha kupunguza isipokuwa mlo wa watoto.

2. Chakula cha mwaka kinunuliwe wakati wa mavuno

Mahindi huwa rahisi Julai na Agosti, kisha bei hupanda kuelekea masika. Kaya inayokula kilo 2 kwa siku humaliza gunia la kilo 100 kwa siku 50. Tuseme tofauti ya bei ni shilingi 30,000 kwa gunia: magunia manne yaliyowekwa mapema yameokoa shilingi 120,000, na hakuna aliyelala njaa.

Wengi huuza mapema kwa kumwogopa dumuzi, mdudu aliyeonekana nchini kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Mfuko usiopitisha hewa unamweza bila dawa. Anika mahindi hadi punje ivunjike kwa mlio ukiing'ata. Jaza mfuko wa ndani, kamua hewa, sokota mdomo, ukunje na kuufunga kwa kamba. Kisha fanya hivyo hivyo kwa mfuko wa pili unaoufunika. Wadudu waliomo hufa kwa kukosa hewa. Usiufungue kila wiki kuchota debe; fungua mmoja, umalize, ndipo uende kwa mwingine.

Kwa ndugu zetu wa Endulen na Nainokanoka jambo hili ni zito zaidi. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, kikazuiwa tena 2009. Mahindi ni ya kununua, na pesa yake hutoka zizini. Kiangazi kikikaza, ng'ombe aliyekonda huuzwa kwa bei ya chini wakati mahindi yamepanda. Mfugaji anayepeleka mnyama mmoja mnadani angali amenona, akanunua mahindi ya mavuno, huokoa mnyama wa pili.

3. Gharama ya kununua kidogo kidogo

Mafuta ya kupima, mkaa wa kopo na sukari ya robo huonekana nafuu kwa sababu pesa inayotoka ni ndogo. Jumlisha ya mwezi mzima, utakuta umelipa zaidi kuliko aliyenunua dumu na gunia. Asiyemudu peke yake aungane na majirani wawili, wanunue kwa jumla na kugawana kwa kipimo kimoja. Maharage yalowekwe usiku kucha. Yataiva kwa mkaa mchache.

Kwenye umeme, bei zilizotangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016 ziliweka shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, kwa mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti zilizozidi hapo zilikuwa shilingi 350. Aliye katika kundi hilo aandike uniti anazonunua kila mwezi, asije akavuka kikomo.

4. Kikundi na tarehe ya kugawana

VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na kikundi husajiliwa kupitia halmashauri. Vikundi vingi hugawana akiba Desemba, na sikukuu humeza fungu. Januari sare na madaftari vinadai. Mwenye mkono mtupu hukimbilia mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu.

5. Mapendekezo

(a) Kila kaya iandike kalenda ya miezi 12: pesa huingia lini, na gharama kubwa huja lini.
(b) Mume na mke waipange pamoja, na watoto wakubwa waelezwe.
(c) Vikundi vigawane mara mbili: mwanzoni mwa Januari kwa shule, na mwishoni mwa Machi kwa masika.
(d) Maofisa ugani wafundishe uhifadhi wa mahindi kabla ya mavuno, mwezi Mei, magunia yakiwa bado hayajauzwa.

Naomba kila mshiriki aianze kalenda yake leo, akaimalizie nyumbani na mwenzake.