Kinga ya Wanyonge Wakati wa Maradhi ya Kuenea

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya maradhi ya mapafu yanayoenea duniani kote, na jinsi yanavyowaelemea wanyonge. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa jambo hili lagusa kanuni moja ya chama chetu, ambayo nitaomba ifikiriwe upya.

Watu husema kwamba maradhi ya namna hii hayabagui tajiri wala maskini. Neno hilo lina kweli, lakini si kweli yote. Maradhi hayachagui pua ya kuingia. Hali zetu za maisha ndizo zinazoyachagulia.

Mwezi wa Septemba 1918 homa kuu ya mafua iliingia nchini kwa bandari ya Mombasa, ikafuata reli hadi bara. Iliwakuta watu wamechoshwa na Vita Kuu vya Kwanza, wapagazi wa jeshi wamedhoofika, na mvua imekosekana. Homa ile iliushangaza ulimwengu kwa kuwaua kwa wingi vijana wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40. Nyumba iliyoondokewa na watu wa umri huo ilibaki na wazee na watoto, pasipo mtu wa kushika jembe.

Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya. Safari hii waliokuwa katika hatari kubwa ya kufa ni wazee, pamoja na wenye kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Basi tusidhani kwamba mnyonge wa jana ndiye mnyonge wa kesho. Yatupasa kumtafuta upya kila mara.

Tuliambiwa tunawe mikono, tusikaribiane, na tukae nyumbani. Lilikuwa shauri jema. Lakini mama anayenunua maji kwa mtungi hufikiri kwanza juu ya sufuria, ndipo afikiri juu ya mikono. Watu sita walalao chumba kimoja hawana pa kumtenga mgonjwa. Naye kibarua, akishinda nyumbani leo, kesho watoto wake hawali. Tangu tarehe 27 Machi 2020 kukawa na amri ya kutotoka nje usiku, na mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu saa sita za usiku alipata taabu ya kufika hospitali. Chanjo za kwanza zilipofika Nairobi, tarehe 3 Machi 2021, mzee asiye na nauli aliendelea kungoja.

Sasa naja kwa kanuni yetu. Inasema kwamba mwanachama asiyelipa ada kwa miezi mitatu hapewi msaada. Ilitungwa kuwazuia wategeaji, wala siilaumu. Lakini maradhi yakienea, wa kwanza kukosa ada ni yule yule aliyekosa kazi. Kanuni humfungia mlango siku ile ile aliyoiwekea akiba.

Najua wapo watakaouliza: je, si dhuluma kwa wanaolipa? Najibu kwamba mtu aliyelipa miaka kumi hawi mgeni kwa miezi mitatu. Na Bwana Mweka Hazina atauliza fedha zitatoka wapi. Zitoke katika miaka ya afya: tutenge fungu dogo la ada kila mwezi, lisiguswe ila kwa maji, sabuni, chakula na nauli ya hospitali wakati wa maradhi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kanuni ya miezi mitatu isimamishwe kila Serikali itangazapo maradhi ya kuenea. Pili, fungu hilo lianzishwe mwaka huu. Tatu, kila tawi liwe na daftari la wazee wanaokaa peke yao na wagonjwa wa muda mrefu, na jina la jirani atakayewabishia hodi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya Korona imekwisha. Huu ndio wakati wa kutengeneza, maana asiyeziba ufa hujenga ukuta. Shauri ni lenu, wazee wetu.