LANGILANGI HAINGOJI
(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa ushirika)



Wengi mmeniuliza: tupande mlangilangi tuuze mafuta? Mie nasema tupande, lakini kwanza tuhesabu saa.

Langilangi sote hapa Pemba tunaijua, hutiwa kwenye vikuba vya maharusi. Mafuta yake huingia katika manukato ya bei kubwa, na ndugu zetu wa Komoro wanasifika kwa zao hili. Mti huanza kutoa maua baada ya miaka 2 au 3. Lazima ukatwe kilele, maua yafikiwe kwa mkono. Ua huchumwa asubuhi mapema, likishaiva manjano. La kijani harufu yake haijatimia. Likibanwa kwenye gunia huwa jeusi, limeharibika. Basi lichumwe kwa kikapu, na siku ile ile lifike mtamboni.

Kazi ya mtambo ni hii: mvuke hupita kwenye maua ukabeba mafuta. Ukipozwa hurudi kuwa maji, na mafuta huelea juu. Maua kilo 100 hutoa mafuta kilo 2 hivi, na moto hukaa saa nyingi, hata kutwa kucha. Jamani, kuni zatoka wapi? Kule Komoro misitu imeumia kwa mitambo hii. Tukikata mikarafuu tupate kuni, tutakuwa tumeuza ng'ombe tukanunua kamba.

Kiwanda cha makonyo kipo Wawi, Chake Chake. Kabla ya kuchimba shimo hata moja, kamati iende ikaulize: watanunua maua yetu? Siku gani? Kwa bei gani? Gari ya nani?

Wakati tunangoja, tuanze na mchaichai. Huo hukatwa miezi 4 mpaka 6 baada ya kupandwa, kisha huchipua tena. Ukikatwa leo, hata kesho wafaa. Mafuta yake machache, kilo 100 za majani hazizidi nusu kilo hivi, lakini hatungoji miaka.

Mkutano ujao kila mwenye shamba aje na jibu moja: kutoka kwake mpaka barabarani ni mwendo wa saa ngapi? Hapo ndipo tutajua nani apande mlangilangi na nani apande mchaichai.

Ushirika oyee!