"Halimo Daftarini" si Sawa na "Halipo"

Ndugu msikilizaji, lipo jibu moja ambalo mwananchi hulipokea akiwa amesimama dirishani katika ofisi zetu: "Faili lako halipo." Mzee aliyetoka Matema au Ipinda kwa nauli ya kukopa hulisikia, hushukuru, akarudi nyumbani. Juma hili nataka tuliulize jibu hilo swali moja: aliyelitoa ametafuta wapi? Na mwalimu wetu leo atakuwa kompyuta, kwa sababu waliozitengeneza wamehangaika na swali hilo kwa miaka hamsini.

Mwaka 1974, mwaka ambao serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, maabara za Bell huko Marekani zilitoa toleo la tano la Unix, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta. Katika toleo hilo ilikuwamo amri iitwayo find, maana yake "tafuta", iliyoandikwa na Dick Haight.

Mfikirie karani wa masijala mwenye bidii. Anaanza kabati la kwanza, anafungua kila droo, na akikuta bahasha ndani ya droo, anaifungua pia. Ndivyo find inavyofanya kazi. Waweza kuiagiza kwa jina, au ukaiambia: nitafutie mafaili yasiyoguswa kwa siku 30. Ilikuwa na kituko kimoja. Usipoiongezea neno la kuiamuru itoe majibu, ilizunguka jengo zima, ikayaona mafaili, kisha ikarudi kimya. Kituko hicho kiliondolewa katika kanuni za POSIX za mwaka 1992.

Ubaya wa karani huyo ni kwamba makabati yakiwa mengi, anachelewa. Mwaka 1983 Mmarekani James Woods akaeleza njia nyingine, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la locate. Usiku, watu wakiwa wamelala, kompyuta hupita droo zote na kuandika majina katika daftari. Jina likianza sawa na lililotangulia, huandikwa ile tofauti tu, ili daftari lisiwe nene. Asubuhi ukiuliza, kompyuta haigusi kabati. Inasoma daftari, na jibu linakuja papo hapo.

Lakini faili lililowekwa saa tatu asubuhi halimo katika daftari la usiku. Na lililotupwa asubuhi hiyo bado limo.

Wengine wamekuja baadaye. Miloslav Trmač alitengeneza mlocate, ambayo haisomi upya makabati yasiyobadilika. Steinar H. Gunderson wa Norway alitoa plocate mwaka 2020, yenye daftari la kusomeka upesi zaidi. David Peter alianza fd mwaka 2017, mithili ya makarani wengi wanaotafuta kwa pamoja. Lakini usipoiagiza vinginevyo, hiyo nayo huruka mafaili yaliyofichwa. Kasi imeongezeka kweli. Hata hivyo, mtumiaji makini akiambiwa "hakuna", bado hujiuliza kwanza: hakuna wapi?

Sisi wa Kyela tunalielewa jambo hili bila kompyuta. Mto Songwe, mpaka wetu na Malawi, huhama njia yake mafuriko yanapokuja. Shamba lililoandikwa kuwa ng'ambo hii huweza kuamka ng'ambo ile. Daftari halikusema uongo. Lilisema kweli ya siku lilipoandikwa. Ndiyo maana ugomvi wa mpaka hauishi mezani. Lazima watu watoke, wakanyage tope, wakaone.

Sasa ofisi zinahamishia kumbukumbu kwenye kompyuta, na mimi naunga mkono. Lakini nimewahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja, ambayo sitaitaja, nikamsikia mama mmoja akiambiwa: "Mama, la marehemu kwenye mfumo hamna." Nilipomuuliza karani kama majalada yote ya zamani yameshaingizwa, alijibu kwamba kazi ilisimama njiani, na mengi bado yako makabatini. Kabati lilikuwa nyuma ya kiti chake. Mama yule alikwisha ondoka, na pamoja naye haki ya watoto wake.

Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inawapa wakuu wa ofisi za umma wajibu wa kutunza kumbukumbu. Naomba wajibu huo ufike hadi dirishani. Kwanza, ibandikwe tarehe ambayo daftari la kompyuta liliandikwa upya mara ya mwisho, na mafaili ya miaka gani yamo. Pili, karani aseme ametafuta wapi. Tatu, mwananchi akiambiwa "halimo", awe na haki ya kudai mtu ainuke na kufungua droo moja baada ya nyingine, hata kama itachukua siku mbili. Kusubiri siku mbili ni nafuu kuliko kupoteza shamba.

Wahenga walisema mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Aliyetazama daftari tu, ndugu msikilizaji, hajaanza kuchoka.