Orodha Ndefu Haifiki Dodoma
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, wilaya za Ngara na Biharamulo)

 

Leo tuzungumze juu ya kuomba. Msicheke. Kuomba nako ni kazi, na kazi hiyo ina maarifa yake.

Nenda kwenye mkutano wa kijiji chochote, Murusagamba au Nyakahura, uulize: "Jamani, tunataka nini?" Mikono itainuka. Huyu atasema maji. Yule atasema daraja. Mwingine zahanati, mwingine madawati, mwingine nyumba ya mwalimu, mwingine bei ya kahawa. Mtendaji ataandika mpaka karatasi ijae. Na yote ni kweli, hakuna hata moja la uongo.

Basi orodha ile itakwenda kwenye kata. Huko itakutana na orodha za vijiji vingine. Zote zitakwenda wilayani, kwenye Baraza la Madiwani, na huko zitakutana na za kata nyingine. Mwisho mbunge atapewa mambo hamsini ayapeleke Dodoma. Atasimama bungeni kwa dakika chache tu. Ayataje yote hamsini? Hata akiyataja, Waziri atashika lipi?

Wahenga walisema: mshika mbili moja humponyoka. Na mshika hamsini je?

HALMASHAURI HAIJITOSHELEZI

Wengine huuliza: "Kwani halmashauri si serikali? Kwa nini iombe?" Swali zuri. Tulijibu kwa historia.

Mwaka 1972 serikali ilizivunja halmashauri za wilaya. Kazi zake zikachukuliwa na Serikali Kuu, katika ule mpango wa Madaraka Mikoani. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, Bunge likatunga sheria za kuzirudisha, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena. Leo Katiba yetu inazitaja serikali za mitaa katika ibara za 145 na 146. Lakini mipaka ya kazi zake, na kodi zinazoruhusiwa kutoza, vinatoka katika sheria za Bunge. Mwenye kalamu ya sheria ndiye mwenye kuongeza na kupunguza.

Si kwetu tu. Huko Marekani, mji hupata madaraka yake kutoka kwa jimbo. Kwa hiyo miji mingi ina desturi hii: kila mwaka, kabla bunge la jimbo halijakutana, baraza la mji linakaa na kupigia kura mambo machache ya kuwapelekea watunga sheria. Miji mingine huajiri kabisa mtu wa kushinda makao makuu ya jimbo, akifuatilia kila mswada unaogusa mji wake. Wanajua kwamba sheria ikipita bila wao kusema, watakuta mfuko umetoboka.

Sisi kutoboka kwa mfuko tunakujua. Tazameni mifano miwili.

Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile tuliyoiita kodi ya kichwa, ilifutwa. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana kodi ile ilimsumbua maskini. Lakini halmashauri zilipoteza fedha, ikabidi Serikali Kuu ilete ruzuku ya kufidia.

Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa. Ulikuwa 5 kwa mia. Mazao ya biashara yakawekwa 3 kwa mia, na mazao ya chakula 2 kwa mia. Hebu tupige hesabu, maana hesabu tumejifunza. Mnunuzi akichukua maharage ya shilingi 1,000,000, kabla ya mwaka 2017 halmashauri ilipata shilingi 50,000. Baada ya hapo ikapata shilingi 20,000. Zimepungua shilingi 30,000 kwa kila milioni moja.

Hatusemi mkulima aongezewe mzigo. Hapana. Mkulima alistahili nafuu. Tunachosema ni kwamba Bunge linapopunguza upande mmoja, halmashauri iwe tayari na swali lake: "Pengo hili litazibwa na nini?" Swali hilo lazima liwe limeandikwa na kupitishwa mapema. Kulia baada ya sheria kupita ni kumfukuza fisi mbuzi akiwa ameshaliwa.

JUENI MLANGO WA KUBISHA

Jambo la pili ni mlango. Mara nyingi tunabisha mlango ambao mwenye nyumba amehama.

Zamani barabara za vijijini zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Tangu mwaka 2017 zipo chini ya TARURA. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Maji ya vijijini, tangu sheria ya mwaka 2019, ni kazi ya RUWASA. Diwani ukimgombeza kwa sababu ya daraja, naye hana fedha ya daraja mkononi mwake, mtagombana bure na mto utabaki pale pale.

Je, diwani akae kimya? Asikae. Anaweza kuibana TARURA katika vikao, na Baraza linaweza kumtuma mbunge. Kumbukeni kwamba mbunge wa jimbo ni mjumbe wa Baraza la Madiwani kwa sheria. Yeye si mgeni wa heshima wa kukaribishwa kwa soda. Ni mwenzao, na maazimio ya Baraza ni maazimio yake pia.

Ona jambo la barabara za vijijini lilivyokwenda. Kwa miaka kadhaa wabunge wa majimbo ya vijijini, wa kila upande wa nchi, walirudia neno moja: TARURA haina fedha. Katika bajeti ya mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara hizo. Sasa, fedha hiyo tunailipa sisi sisi, hata katika nauli ya bodaboda, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza imefika wapi. Lakini somo lipo. Neno moja, lililosemwa na wengi, kwa muda mrefu, lilifika.

Kuna na milango mingine. Halmashauri zote nchini zina jumuiya yao, ALAT, iliyoanzishwa mwaka 1984. Jambo linalozigusa halmashauri nyingi lipelekwe huko, ili sauti isiwe ya Ngara peke yake. Kuna pia Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, wa kuchochea miradi ambayo wananchi wameianza wenyewe. Darasa lililofika kwenye lenta halina haja ya kupelekwa kwa Waziri. Lianzie mlango huo.

YETU SISI WA MPAKANI NA WA MADINI

Wilaya zetu hizi mbili zina mambo ambayo wilaya nyingine hazina.

Kwanza ni mpaka. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji ya Rwanda. Ni halmashauri gani inaweza kubeba mzigo huo? Miti iliisha, visima vilielemewa, barabara zilibomoka kwa malori. Tangu siku zile tunajua kwamba yapo mambo yanayotua mlangoni kwetu, lakini ni ya taifa zima na hata ya dunia.

Biashara ya mpakani ni vivyo hivyo. Mama anayevusha ndizi na maharage pale Kabanga au Rusumo anaongozwa na taratibu za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Upo utaratibu rahisi kwa mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Akisumbuliwa, shida yake haimalizwi na diwani. Ni ya serikali, na ya Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha, ambamo Tanzania ina wabunge 9 wa kuchaguliwa. Nani kati yetu amewahi kuwaandikia?

Pili ni madini. Biharamulo ina dhahabu ya Tulawaka, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2005 na kuchukuliwa na shirika la umma mwaka 2013. Ngara ina nikeli ya Kabanga. Mkataba wake ulitiwa saini Januari 2021, na serikali ikapewa hisa 16 kwa mia. Kampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa shilingi 3 katika kila shilingi 1,000 za mauzo. Ni tarakimu ndogo, lakini mauzo yakiwa makubwa, tarakimu hiyo hujenga shule. Na ni tarakimu ya sheria, maana yake Bunge linaweza kuigusa mwaka wowote. Tena sheria ya madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye mgodi akubaliane na halmashauri juu ya mpango wa kusaidia jamii kila mwaka. Halmashauri isiyojua inataka nini kwanza itapewa kinachobaki.

NAMNA YA KUCHAGUA

Haya basi, tutachaguaje? Tunashauri maswali matatu. Kila jambo lipimwe kwa maswali haya.

1. Je, tunaweza kulifanya wenyewe, kwa nguvu zetu au kwa fedha za halmashauri? Kama ndiyo, lisiende Dodoma. Lianze hapa.

2. Je, lisipofanyika mwaka huu, nani ataumia, na wangapi? Tusihesabu watu tu, tupime na maumivu. Kijiji kidogo ambacho wajawazito wake hukatwa na mto wakati wa masika kinaweza kutangulia mji mkubwa unaotaka taa za barabarani.

3. Je, ufunguo uko kwa nani? Kwa sheria, kwa bajeti ya wizara, au kwa ofisi iliyoko hapa hapa wilayani?

Yatakayobaki baada ya maswali haya hayatakuwa hamsini. Yachukuliwe matatu. Mengine yaandikwe foleni, kwa mwaka, na foleni hiyo ibandikwe ubaoni.

Hapo kwenye foleni ndipo penye ugumu wenyewe. Kuchagua ni kumwambia mwenzako: "Shida yako ni ya kweli, lakini subiri." Kata iliyo pembezoni, isiyo na msemaji hodari, ndiyo husubirishwa kila mwaka. Mwaka huu subiri, mwakani subiri, mpaka watoto wanazeeka. Hiyo si foleni, ni kusahauliwa. Kwa hiyo zamu iandikwe. Kata ikisubiri mwaka huu, muhtasari useme zamu yake ni lini na kwa sababu gani. Neno la mdomo huruka na upepo. Muhtasari wenye sahihi unaweza kuwekwa mezani mwakani, diwani akasema: "Someni hapa."

KALAMU NI YETU

Ndugu zetu, hapa ndipo kisomo kinapofanya kazi. Hatukujifunza kusoma ili tusome majina yetu tu.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Twende. Tuombe muhtasari wa mkutano uliopita usomwe. Jambo letu liandikwe kwa hesabu. Usiandike "maji ni shida sana." Andika: kaya ngapi, kisima kiko umbali gani, pampu imekufa tangu mwezi gani, kijiji kimechanga kiasi gani. Mbunge aliyeshika maneno ya jumla hujibiwa kwa maneno ya jumla. Aliyeshika tarakimu humlazimisha Waziri naye atafute tarakimu.

Tujue na wakati. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Bunge la bajeti huanza Aprili. Halmashauri huwa imeshapitisha makisio yake kabla ya hapo. Ukileta shida yako mwezi Mei, umekuja sokoni watu wanakunja mikeka.

Tena tufuatilie. Mbunge akirudi, tumwulize juu ya yale matatu. Lipi limejibiwa? Lipi limekataliwa, na kwa sababu gani? Yakiwa hamsini hatuwezi kumwuliza, wala yeye hawezi kujibu. Atachagua moja lililofanikiwa apigiwe makofi. Yakiwa matatu, hata mtoto wa darasa la tano anaweza kumshikia hesabu.

Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi. Siku ya kikao, kikundi cha kisomo kitume watu wawili wenye daftari. Wakirudi watusomee. Madiwani wakijua kuna madaftari mawili nyuma ya ukumbi, nao wataandika vizuri zaidi.

Tusiache kusema shida zetu. Mficha uchi hazai. Lakini tuzipange, ili ile inayotuumiza zaidi isizame katikati ya nyingine.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Andikeni shida kumi za kijiji chenu. Zipimeni kwa maswali matatu. Ni zipi tatu zimebaki?

2. Kwa kila moja kati ya hizo tatu, ufunguo uko kwa nani: kijiji, halmashauri, TARURA, RUWASA, wizara, au Bunge?

3. Ni kitongoji gani au kata gani ambayo huambiwa "subiri" kila mwaka? Zamu yake imeandikwa wapi?